Mpangaji wa Mtini: Khabari za Okidi ya Uani Kwetu



Ukurasa huu ni wa mambo ya nyumbani, na kila mwezi twazungumza humu khabari za jiko, maji, malezi ya watoto na haki za jirani. Mwezi huu tumependa kuzungumza khabari za ua. Twajua yuko atakayesema: "Ua lina faida gani kwa mtu asiyejua mchele wa kesho utatoka wapi?" Naye twamwomba asome mpaka mwisho, kwani khabari hii si ya ua peke yake. Ni khabari ya neno moja tulilolisema sisi wenyewe, walimu wa watoto, bila ya kulipima, na mtu mwingine akakaribia kulilipia.

Sisi twakaa Kariakoo, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, yenye ukumbi katikati na ua wa nyuma, kama zilivyokuwa nyumba nyingi za mitaa hii kabla ya maghorofa. Sasa maghorofa yametuzunguka pande tatu, na jua huingia uani kwetu saa nne asubuhi likatoka saa saba. Hapo uani ndipo tusomeshapo watoto jioni, na hapo pana pipa la maji, mrehani kidogo, na mti mmoja wa asumini ambao wanawake wa nyumba huchuma maua yake kwa vikuba.

Mwaka 2017, mwanzo wa masika, mwanafunzi wetu mmoja alikuja chuoni amebeba kitu ndani ya gunia la mkaa. Baba yake huleta mkaa mjini kutoka upande wa Kisarawe. Kitu chenyewe kilikuwa fungu la vijiti vinene, rangi yake manjano iliyochanganyika na kijani, vyenye vifundo kama miwa midogo, urefu wake kiasi cha dhiraa moja. Shinani palikuwa na mizizi membamba myeupe, mingi yake imesimama kuelekea juu kama miiba ya nungunungu.

"Maalim," akasema, "baba ameukuta juu ya mti ulioanguka. Alitaka kuutupa, nami nikamwomba nikuletee wewe."

Mmea huo ni okidi. Wataalamu huuita Ansellia africana, kwa jina la John Ansell, mtunza bustani Mwingereza aliyeupata katika kisiwa cha Fernando Po, ambacho leo huitwa Bioko, mwaka 1841. Wengine huuita okidi ya chui, kwa sababu maua yake ni ya manjano yenye madoa ya kahawia. Huota katika nchi nyingi za Afrika zenye joto, kuanzia magharibi, hata kwetu Tanzania na Kenya, mpaka Afrika ya Kusini; nao hauoti ardhini, bali juu ya matawi ya miti mikubwa.

Hapa yafaa tuondoe dhana moja. Watu wengi wakiona mmea juu ya mti mwingine husema ni kimelea, yaani mnyonyaji, na huung'oa wakidhani wanauokoa mti. Iko mimea ya namna hiyo, nayo huingiza mizizi ndani ya mti ikanywa maji yake. Okidi si katika hiyo. Okidi hushika gome tu, na chakula chake hukipata katika maji ya mvua na majani makavu yaangukayo. Ile mizizi iliyosimama kama miiba ni kapu lake: majani yakianguka hunaswa humo, yakaoza, yakawa mbolea. Mtu wa Kariakoo ataelewa upesi tukimwambia kwamba okidi ni mpangaji wala si mwizi. Hukaa katika nyumba ya mwenziwe, lakini hali katika sufuria yake.

Sisi wakati huo hatukuyajua hayo. Tuliuchukua mmea tukaupanda katika ndoo ya udongo mweusi, tukaushindilia vizuri, kisha kila siku asubuhi na jioni tukaumwagia kata mbili za maji, kama mtu amwagiliaye mchicha. Tulidhani twaufanyia wema. Baada ya wiki tano vijiti viliwa laini, vikageuka rangi ya chai, na tulipoushika mmea uling'oka wote, mizizi yake imeoza inanuka. Twawafundisha watoto wasifanye israfu ya maji katika udhu, nasi wenyewe tukauua mmea kwa israfu hiyo hiyo.

Kosa hilo lilikuwa la ujinga, na mjinga akijua huongoka. Lakini likafuata kosa la pili, nalo ndilo lililotufanya tuandike. Tulimwambia yule mtoto, mbele ya wenziwe: "Mwambie baba yako atuletee jingine." Tulilisema neno hilo kama mtu aagizaye kibiriti dukani.

Siku kumi baadaye mtoto alikuja na okidi nyingine, kubwa kuliko ya kwanza, imekaa juu ya kipande cha tawi bichi, utomvu bado watoka. Akawaeleza wenziwe kwa fakhari jinsi baba yake alivyopanda mti mrefu katika msitu wa hifadhi, akalikata tawi kwa panga, akateremka nalo usiku kabla walinzi hawajapita. Watoto wakamshangilia. Sisi tukanyamaza. Tulitazama tawi lile tukaona kwamba mkono ulioshika panga ulikuwa wa mtu mwingine, lakini ulimi uliolituma ulikuwa wetu.

Jioni ile tulikwenda kwa baba yake mahali auziapo mkaa. Alifurahi kutuona, akatuwekea kigoda.

"Maalim, umelipenda?" akauliza.

"Ndugu yangu, umejitia khatarini kwa ajili yetu," tukamwambia. "Ungekamatwa, tungesema nini kwa watoto wako?"

Akacheka kidogo, kisha akasema neno ambalo mpaka leo hatujalisahau: "Mwanangu aliniambia mwalimu anataka. Mwalimu wa mwanangu akitaka kitu, mimi nitasema siwezi?"

Ndugu wasomaji, khasa walimu na wazazi, litazameni neno hilo. Mtu anayeheshimiwa hana maneno ya mzaha. Anachokitaja kwa wepesi, wengine hukitenda kwa uzito.

Tulikubaliana twende wote wawili kwa mlinzi wa msitu, nasi ndio tuseme kwanza. Haikuwa safari nyepesi. Baba yule aliogopa faini, nasi tuliogopa aibu. Tulipofika tulieleza kwamba agizo lilikuwa letu na kwamba yeye alifanya kwa kutustahi. Mlinzi alitukaripia wote wawili, nasi tulistahili. Kisha akatutaka tuugawe mmea, nusu tuirudishe msituni mbele yake, na nusu tuitunze kwa sharti kwamba hatutaagiza tena. Tuliifunga ile nusu kwa kamba ya usumba juu ya tawi la mti ulio hai, mvua zikiwa bado zinanyesha, tukarudi mjini.

Huenda mmoja akauliza: Kwa nini jambo hili likuzwe hivyo? Msitu una miti elfu, na okidi moja ni nini? Jawabu liko katika mbegu. Tunda moja la okidi hubeba mbegu nyingi mno, ndogo kama vumbi, lakini mbegu hiyo haina akiba ya chakula ndani yake kama mbegu ya kunde au ya mhindi. Haiwezi kuota msituni mpaka ikutane na aina ya kuvu itakayoilisha. Nyingi hupotea, na ile iotayo huchukua miaka kabla ya kutoa ua. Basi mtu aibandukaye okidi kubwa kwa dakika tano amechukua kazi ya miaka mingi. Ndiyo sababu biashara ya okidi zote kutoka nchi hadi nchi yaongozwa na mkataba wa kimataifa uliotiwa sahihi Washington mwaka 1973, uitwao CITES, na Tanzania imo.

Nchini mwetu jambo hili lina ushahidi mkubwa. Katika nyanda za juu za kusini ziko okidi ziotazo ardhini, zenye viazi vidogo chini yake. Viazi hivyo huchimbwa kwa wingi vikapelekwa Zambia, na huko hupikwa pamoja na karanga kuwa chakula kiitwacho chikanda. Uchimbaji huo ulikuwa moja katika sababu za kuihifadhi nyanda ya Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, nayo ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Hifadhi nyingine twazijua kwa simba na tembo. Hii iliwekwa khasa kwa ajili ya maua. Kwa hiyo, ndugu msomaji, asikwambie mtu kwamba ua ni jambo dogo.

Sasa tueleze namna tulivyoitunza ile nusu iliyobaki, ili mwenye okidi asipatwe na yaliyotupata.

Kwanza, chungu. Okidi hii haitaki udongo hata kidogo. Tulichukua chungu cha udongo wa kufinyanga, tukakitoboa matundu chini na ubavuni, tukakijaza vipande vya mkaa vya ukubwa wa kidole gumba vikichanganywa na makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa. Makumbi yarowekwe siku mbili tatu na kubadilishwa maji mara kwa mara, ili chumvi iliyomo itoke. Asiye na chungu aweza kuufunga mmea juu ya gogo kavu kwa kamba ya usumba. Shina lisifukiwe, likae juu, na mizizi ndiyo ishike.

Pili, maji. Mizizi ya okidi imevikwa ganda jeupe kama sifongo. Likinyweshwa hugeuka kijani. Likikauka hurudi jeupe. Hiyo ndiyo saa yako. Mizizi ikiwa kijani, usitie maji. Ikiwa nyeupe na mkaa umekauka, mwagia mpaka maji yatoke chini, kisha uache. Wakati vijiti vipya vinapokua tulimwagia mara mbili tatu kwa wiki. Vilipokoma kukua tulipunguza, mara moja kwa wiki au zaidi ya hapo, kwani mmea huu hupenda kupumzika katika ukavu kabla ya kuchanua. Wala usitumie maji ya kisima chenye chumvi, kama yalivyo mengi katika mitaa yetu. Kinga maji ya mvua katika pipa safi lenye kifuniko, ili lisizae mbu.

Tatu, mwanga. Hapa ndipo tulipokwama miaka mitatu. Okidi yetu ilikuwa hai, yatoa majani mazuri ya kijani kizito, lakini haikutoa ua hata moja. Tukajisifu kwa majani yale, kumbe kijani kizito ni alama ya njaa ya mwanga. Okidi ya chui hutaka jua la asubuhi na mwanga mwingi unaopita katikati ya majani. Jani lenye afya huwa kijani hafifu chenye umanjano kidogo. Uani kwetu jua la saa tatu halikutosha.

Nne, chakula. Samadi mbichi isitiwe kabisa, maana huunguza mizizi. Mbolea ya dukani ichanganywe kwa maji iwe robo ya kipimo kilichoandikwa juu ya pakiti, itiwe mara moja kwa wiki mbili wakati wa kukua, na isitiwe wakati wa mapumziko.

Tano, maadui. Vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba wakaao katika maungio ya majani, wafutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Konokono na mende hutafuna ncha za mizizi usiku. Nasi watu wa Kariakoo hatuna haja ya kufundishwa mende ni nani. Chungu kining'inizwe, kisiwekwe chini.

Sita, kugawa. Mmea ukijaa chungu hugawanywa wakati mizizi mipya inaanza kutoka. Kisu kipitishwe motoni kwanza, kila fungu libaki na vijiti vitatu au vinne, na jeraha liachwe likauke siku kadhaa kabla ya kutiwa maji.

Turudi kwenye mwanga. Katika ghorofa iliyo ubavuni kwetu, orofa ya tatu, anakaa bibi mmoja mjane mwenye roshani iliyoelekea mashariki. Kwa miaka mingi hatukuwa na mazungumzo naye zaidi ya salamu, kwa sababu ghorofa ile ndiyo iliyotuzibia jua, na moyo wa mtu hufanya chuki hata kwa asiyekuwa na kosa. Bibi yule hakuijenga. Ni mpangaji tu. Mwisho tulipanda ngazi tukamwomba aiweke okidi yetu katika roshani yake.

"Mwalimu," akasema, "miaka yote hii nawasikia watoto wakisoma chini, na hakuna aliyepanda kunisalimu. Leo ua ndilo limewaleta?"

Hatukuwa na jawabu ila kuomba radhi. Akaipokea. Kuanzia siku hiyo mwanafunzi wetu yule, ambaye sasa amekuwa kijana, akawa hupanda kila asubuhi kutazama mizizi, na akiwa huko humletea bibi maji na mkate.

Ilikuwa mwaka 2021, mwaka ambao soko letu la Kariakoo liliungua, tarehe 10 Julai, na wengi katika jamaa zetu wakapoteza mali. Baba yake kijana yule alikuwa mmoja wa waliopata khasara, kwani fedha zake zilikuwa kwa wafanyabiashara wa sokoni. Kabla ya mvua za vuli za mwaka huo bibi alituma mtu atuite. Tulipofika tuliona kishada kirefu kimetoka juu ya kijiti, chenye maua zaidi ya thelathini, manjano yenye madoa ya kahawia. Baba wa kijana alisimama mbele yake muda mrefu, kisha akasema: "Hili ndilo nililolikata usiku?" Tukamwambia ndilo. Akasema: "Sikuwahi kuyaona maua yake. Miaka yote nimeikuta haina maua, nikaitupa."

Ndugu wasomaji, mtu huyu ameingia msituni maisha yake yote na hakupata kujua alichokuwa akikitupa. Hatumlaumu, maana nasi tuliomwagiza hatukukijua.

Kwa vijana tuna khabari moja zaidi. Vanila inayotiwa katika keki, ambayo hulimwa Bukoba na Unguja, nayo ni okidi. Asili yake ni Meksiko, na ilipopelekwa katika visiwa vya Bahari ya Hindi ilitoa maua bila ya matunda, kwa kuwa wadudu wa kuichavusha hawakuwako. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, mtoto mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond aligundua namna ya kuichavusha kwa kijiti na kidole gumba. Alipopata uhuru mwaka 1848 alipewa jina la Albius. Njia yake ndiyo itumikayo mpaka leo ulimwenguni, nayo imewatajirisha wengi. Yeye mwenyewe alikufa maskini mwaka 1880. Basi asidharauliwe mtoto aliyechuchumaa mbele ya ua, na anayefaidika kwa kazi ya mtu amkumbuke kwa haki yake.

Okidi yetu tumeigawa mara mbili tangu hapo. Fungu moja liko kwa bibi, nalo ni lake. Jingine liko kwa baba wa kijana, na la tatu lipo madrasani. Kila tunayempa twamwekea sharti moja: asinunue okidi iliyotoka msituni. Ukiona muuza miche wa kando ya barabara ana okidi yenye mizizi iliyokatika na vipande vya gome bado vimeshikana nayo, jua imebanduliwa. Muulize ilikuzwa wapi, na akisita, ondoka. Okidi nyingi za madukani hukuzwa kwa mbegu ndani ya chupa, njia aliyoionyesha Lewis Knudson wa Marekani mwaka 1922, na hizo hazina dhambi ya msitu.

Na ile nusu tuliyoirudisha? Mwaka uliofuata tulikwenda kuitazama, sisi, baba yule na mwanawe. Kamba ya usumba ilikuwa imeoza na kuanguka. Okidi haikuanguka, mizizi yake ilikuwa imelishika gome barabara, na kijiti kipya kimetoka. Mtoto aliuliza kama apande alete kijiti hicho kimoja tu. Kabla hatujafungua kinywa, baba yake akamjibu: "Kiache. Kina mwenyewe."

Wabillahi taufiki.